Cheti cha mtetemo ni kama mizani: Uliza mashine ilihudumiwa lini

WIKI iliyopita nilikaa katika duka la jumla la mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, nikimsikiliza akihesabu hasara. Alikuwa amepeleka katoni za taa za sola kwa wateja wake wa Sumbawanga. Mzigo ulifika ukiwa na sura nzuri: hakuna kioo kilichopasuka wala katoni iliyolowa. Lakini taa nyingi zilikataa kuwaka. Fundi alipozifungua alikuta waya za betri zimeachia pale zilipolehemiwa. Safari ya lori ilikuwa imezitikisa mpaka zikakatika.

Kilichomuuma mwenye duka si taa peke yake, ni karatasi. Mezani kwake kulikuwa na ripoti ya maabara ya huko mali ilikotoka, yenye muhuri na saini mbili, ikisema kwamba taa za aina ile zimefaulu jaribio la mtetemo. "Sasa ndugu yangu," aliniuliza, "karatasi hii niliilipia ya nini?"

Nikaiomba ripoti ile nikaisoma hadi ukurasa wa mwisho, ukurasa ambao wanunuzi wengi hawaufikii. Huko ndiko maabara huorodhesha vyombo ilivyotumia na tarehe ambayo kila chombo kilitakiwa kuhakikiwa tena. Kihisi kilichopima mtetemo wa meza kilikuwa kimepitwa na tarehe yake kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya siku ya jaribio. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyoziua taa. Huenda mali iliyopakiwa melini haikuwa sawa na sampuli iliyojaribiwa. Lakini ni dhahiri kwamba karatasi ile ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu kabla haijatiwa saini.

Maoni ya ukurasa huu ni haya: cheti cha jaribio hakiwezi kuwa na thamani kuliko matunzo ya mashine iliyokitoa. Mfanyabiashara anayenunua kwa kutegemea cheti, na mwekezaji anayeweka fedha zake katika kiwanda au maabara, wote wawili wana haki ya kuuliza daftari la matengenezo. Asiyeuliza ananunua wino.

MIZANI NA JIWE LAKE

Kila mwenye duka anajua habari ya mizani. Mizani ya kuuzia sukari hupelekwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Haiaminiki kwa sababu ni mpya, wala kwa sababu mwenye nayo ni mcha Mungu. Inaaminika kwa sababu mtu mwingine, mwenye jiwe la kilo lililo sahihi, ameipima.

Mashine ya kupimia mtetemo ni mizani ya namna hiyo hiyo, ila inapima uvumilivu wa bidhaa badala ya uzito. Iko ya aina mbili ambazo msomaji wetu anaweza kukutana nazo. Ya kwanza ni meza ya kupimia vifungashio, inayoendeshwa na mota, mikanda na ekseli. Sanduku huwekwa juu yake, na meza hupanda na kushuka inchi moja. Katika mojawapo ya taratibu za chama cha kimataifa cha ISTA, sanduku hupewa mitikisiko 14,200 kabla ya kufunguliwa na kukaguliwa.

Ya pili ni mashine ya umeme na sumaku, ambayo ukitaka kuielewa fikiria spika ya redio iliyokuzwa mpaka ikafikia ukubwa wa pipa au hata gari dogo. Ndani yake kuna koili inayopitishiwa umeme katikati ya sumaku yenye nguvu. Umeme ukibadilika, koili hupanda na kushuka pamoja na meza iliyofungwa juu yake. Hii ndiyo inayotumika kupima betri, simu, vipuri vya magari na hata vyombo vya kwenda angani. Betri za lithiamu zilizomo ndani ya simu na taa za sola haziruhusiwi kusafirishwa bila kufaulu majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayojulikana kama UN 38.3. Katika jaribio la mtetemo betri hutikiswa kuanzia mitetemo 7 kwa sekunde hadi 200 na kurudi 7, kwa dakika 15. Zoezi hilo hurudiwa mara 12, yaani saa 3, kisha betri hugeuzwa upande wa pili na wa tatu. Jumla ni saa 9.

Mashine inayofanya kazi hiyo kutwa kucha, mwaka mzima, inajitikisa na yenyewe. Kila pigo linaloingia kwenye bidhaa ya mteja linaingia pia kwenye boliti, beringi na waya zake. Hakuna mashine nyingine kiwandani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kujichakaza kiasi hicho. Kwa hiyo anayeingoja iharibike ndipo aitengeneze amekosea hesabu tangu siku ya kuinunua.

SOMO LA MWAKA 2000

Asije mtu akadhani kwamba uzembe wa namna hii ni wa watu maskini. Tarehe 21 Machi 2000, katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory huko Pasadena, California, nchini Marekani, chombo cha angani cha kuchunguza jua kilichoitwa HESSI kilikuwa kimefungwa juu ya meza ya mtetemo kwa majaribio ya mwisho mwisho. Kilitakiwa kupewa msukumo wa kiasi cha mara 2 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kilipewa karibu mara kumi ya kiwango hicho. Sehemu za mwili wake ziliharibika na paneli zake za sola zikavunjika.

Chanzo chake kilikuwa cha kawaida kabisa. Mashine kama ile, inapotakiwa kutikisa kitu kwa ulalo, husukuma bamba la chuma linaloteleza juu ya jiwe la matale lililopakwa oili. Bamba lile halikuwa likiteleza vizuri. Mashine na meza yake havikuwa vimekaa sawasawa, hivyo bamba lilikuwa likikwama. Kompyuta ilipojaribu kusukuma kidogo kwanza ili ijue nguvu inayohitajika, bamba halikuitika inavyopaswa. Kompyuta ikahesabu kwamba mzigo ni mgumu, ikaagiza nguvu nyingi. Bamba likaachia, na nguvu yote ikaingia ndani ya chombo.

Chombo kile kilikuwa kimepangwa kurushwa Julai 2000. Kiliruka tarehe 5 Februari 2002, ingawa sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na matatizo ya roketi na si ya meza. Kilitengenezwa vizuri, kikafanya kazi hadi 2018, na mabaki yake yakarudi duniani Aprili 2023 juu ya jangwa la Sahara. Waliokikarabati wanastahili sifa. Lakini msomaji na ajiulize: gharama ya kuiendesha meza ile ikiwa tupu asubuhi, au kuipandishia chuma kizito kisicho na thamani ili kuona kama inateleza, ingekuwa shilingi ngapi ukiilinganisha na gharama ya kukiunda upya chombo cha angani?

HASARA HUANZA NA VITU VIDOGO

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mashine hizi nyufa zenyewe zinajulikana, na si nyingi.

Ufa wa kwanza ni vumbi. Koili hupata joto kali, nayo hupozwa kwa feni kubwa au kwa maji. Chujio la hewa likiziba, joto hupanda na kuunguza plastiki na gundi zinazoikinga koili. Chujio ni kitu cha bei ndogo, lakini koili ikiungua biashara imesimama. Katika miji yetu yenye vumbi, atakayefuata ratiba ya kubadilisha chujio iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya atakuwa amechelewa.

Ufa wa pili ni boliti na vishikio. Koili hushikiliwa katikati na vipande vinavyonesa, na vipande hivyo huchoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Vikipata nyufa, meza huanza kuyumba upande na kutoa mlio. Fundi mzuri huvikagua kwa macho na kwa tochi, na hukaza boliti kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Hakazi kwa kukisia.

Ufa wa tatu ni oili. Kwenye meza za kuteleza, oili chafu ni sawa na mchanga. Na kwenye zile meza za mota na mikanda, mkanda uliolegea hupunguza mwendo, hivyo sanduku linalodaiwa kutikiswa sawasawa linakuwa limebembelezwa tu.

Ufa wa nne ndio wa hatari kuliko yote kwa mfanyabiashara, nao ni kihisi na waya wake. Kihisi ni kidude kidogo kama kifungo cha koti, kinachobandikwa juu ya meza ili kuieleza kompyuta mtikisiko umefikia wapi. Kikidondoka sakafuni mara moja, usomaji wake unaweza kubadilika bila mtu kuona alama yoyote. Kikisoma nusu ya mtikisiko uliopo, kompyuta hudhani mashine inasukuma kidogo, nayo huongeza nguvu mpaka isomeke sawa. Bidhaa inakuwa imetikiswa mara mbili ya kiwango. Bidhaa nzuri inavunjika, na mwenye kiwanda anaingia gharama ya kuiunda upya bila sababu.

Kikisoma zaidi ya ukweli, mambo yanageuka. Bidhaa dhaifu inabembelezwa juu ya meza, inafaulu, inapewa cheti, inapakiwa melini na kuja kuvunjikia Sumbawanga. Hapo maabara imekwisha kulipwa, kiwanda kimekwisha kulipwa, na mwenye meli naye amekwisha kulipwa. Asiyelipwa ni mwenye duka.

Dawa ya nyufa zote hizi ni daftari. Kila asubuhi mashine iendeshwe ikiwa tupu na usomaji wake ulinganishwe na wa siku ilipokuwa nzima. Kila wiki machujio na waya vitazamwe. Kila robo mwaka mashine isimame kwa ukaguzi wa vishikio, boliti na oili. Na mara moja kwa mwaka, au kadiri ya matumizi yake, kihisi kipelekwe kulinganishwa na kihisi mama ambacho chenyewe kimehakikiwa. Kila hatua iandikwe tarehe na jina la aliyeifanya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mashine ni mali.

HESABU YA MWENYE MASHINE

Nimewahi kuwasikia wenye mitambo wakisema kwamba kusimamisha mashine ni kufukuza wateja. Tufanye hesabu ya mfano tu, msomaji aweke tarakimu zake mwenyewe. Tuseme mashine inaingiza Sh 400,000 kwa siku ya kazi. Mwenye nayo akiisimamisha siku mbili kila robo mwaka, anapoteza siku 8, yaani Sh 3,200,000. Tuseme machujio, oili, uhakiki wa vihisi na malipo ya fundi ni Sh 6,000,000. Jumla ni Sh 9,200,000 kwa mwaka.

Jirani yake hafanyi lolote, na mwaka wa kwanza anamcheka. Mwaka wa pili koili inaungua. Kipuri kinaagizwa kutoka nje, kinatengenezwa, kinasafirishwa kwa ndege, kinakaa forodhani, na fundi anatafutiwa tiketi. Tuseme ni wiki sita tu, kila wiki siku sita za kazi. Hizo ni siku 36, yaani Sh 14,400,000 ambazo hazikuingia, kabla hajalipa hata senti moja ya kipuri, ndege, ushuru na fundi. Na wateja waliohama katika wiki zile sita si wote watakaorudi.

Zaidi ya hayo, yule wa kwanza amechagua mwenyewe siku zake za kusimama. Anawajulisha wateja mapema, na anasimama wakati kazi ni chache. Wa pili anachaguliwa siku na mashine, nayo mashine ina tabia ya kuchagua siku ambayo mteja mkubwa anasubiri mlangoni.

"MIMI NI MDOGO, NITAMWULIZA NANI?"

Msomaji atasema, na ana haki: mimi nauza jumla na rejareja, nitaihojije maabara iliyoko Shenzhen? Jibu ni kwamba huhitaji kupanda ndege. Unahitaji kusoma na kuomba vitu vitatu.

Kwanza, omba ripoti nzima pamoja na ukurasa wa orodha ya vyombo, si cheti cha ukurasa mmoja. Linganisha tarehe ya jaribio na tarehe za vyombo. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Muuzaji akikataa kutoa ukurasa huo, amekujibu.

Pili, tazama kama maabara ina ithibati ya kiwango cha ISO/IEC 17025. Kiwango hicho kinaitaka maabara itunze vyombo vyake, ivihakiki na iweke kumbukumbu. Maabara za Kenya hupewa ithibati na taasisi ya KENAS. Za Tanzania huweza kupewa na SADCAS, yenye makao makuu Gaborone, Botswana. Nchi kubwa zinazotuuzia mali nazo zina taasisi zao, na orodha za maabara zenye ithibati huwa wazi kwa yeyote. Angalia pia kama jaribio la mtetemo limo katika orodha ya kazi zilizothibitishwa, maana maabara yaweza kuwa na ithibati ya kupima rangi ikakupa cheti cha mtetemo.

Tatu, kwa betri za lithiamu, tangu 1 Januari 2020 watengenezaji na wasambazaji wanatakiwa kutoa muhtasari wa majaribio ya UN 38.3 kwa anayeuhitaji. Muhtasari huo hutaja maabara iliyofanya kazi na tarehe ya ripoti. Hiyo si fadhila ya muuzaji. Ni haki ya mnunuzi.

Anayenunua katoni kumi peke yake huenda asisikilizwe. Lakini wenye maduka kumi wanaochanga kontena moja watasikilizwa, kwa sababu muuzaji anaogopa kupoteza kontena kuliko kupoteza katoni. Vikundi vya wanunuzi vimezoea kubishana bei. Sasa vizoee kubishana tarehe.

MWENYE HISA NAYE

Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, wananchi wengi wa kipato cha kawaida wamejifunza kusoma faida na gawio. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Meneja anayetaka sifa ya mwaka mmoja anayo njia rahisi ya kuipata: akate matengenezo. Gharama zinashuka, faida inapanda, gawio linanenepa, na wenye hisa wanapiga makofi. Mitambo haipigi makofi. Inangoja.

Faida iliyopatikana kwa kuacha kuhudumia mitambo ni mkopo ambao kampuni imejikopesha kwa siri, na riba yake hulipwa kwa mkupuo siku mtambo unaposimama. Atakayelipa ni mwenye hisa aliyebaki, pengine baada ya meneja yule kuhamia kwingine. Viwanda vya saruji na sukari navyo hupima mtetemo wa beringi za mitambo yao ili kuijua homa kabla ya kifo. Kifaa cha kupima homa kikiwa kibovu, mgonjwa ataambiwa ni mzima mpaka siku ya mazishi.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya chakula cha mchana, mwenye hisa asimame aulize maswali mawili. Mwaka huu fedha za matengenezo zimeongezeka au zimepungua ukilinganisha na mwaka jana? Na katika siku ambazo mitambo ilisimama, ngapi zilipangwa na ngapi zilitokea ghafla? Bodi yenye majibu itayatoa bila kupekua makaratasi. Bodi itakayosema jambo hilo ni la kitaalamu mno kwa wanahisa imetoa taarifa muhimu kuliko zote za siku hiyo.

Ushauri wetu kwa wiki hii ni mfupi. Mwenye maabara au karakana anayetaka kununua meza ya mtetemo iliyotumika asitazame rangi. Aombe daftari, na kama hakuna daftari apunguze bei au aondoke. Mwenye duka anayeagiza betri, taa au vifaa vya umeme aanze kuisoma ripoti kutoka nyuma. Yule rafiki yangu wa Kariakoo amekwisha kumwandikia muuzaji wake barua, ameambatanisha ukurasa ule wa mwisho na kupigia tarehe mstari mwekundu. Hajalipwa bado. Lakini oda yake inayofuata ameizuia mpaka ripoti mpya ije, na safari hii muuzaji ndiye anayepiga simu.